Sauti za Wazee Ndizo Zenye Bei

Kasha, Bukavu
Jumapili

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Cirhuza,

Asinge, Yaya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako Gloire, na kwamba mmelizoea joto la Kalemie. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua wakati wa mvua. Kila akila samaki anakutaja, akisema huko mnakula wakubwa zaidi. Barua hii nimempa Tatiana, binti wa jirani yetu, aikabidhi mkononi mwako. Tafadhali isome hadi mwisho kabla ya kuwasha simu.

Tangu ulipokimbia kwa sababu ya wale mashahidi ambao maneno yao uliwatafsiria wachunguzi, kazi zimekufa hapa. Mashirika yamefunga ofisi, na sisi wakalimani tumebaki na midomo yetu tu. Mwenye lisanse ya lugha ya chuo kikuu anauza makaa sokoni, na kwa kuwa wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi, hata makaa hayamlishi.

Kisha kazi ikanijia yenyewe hadi mlangoni. Ningekumbuka kwamba kibaya chajitembeza! Bwana mmoja, Hugues, alikuwa amepanga nyumba mtaani Nguba, akitafuta watu wa kusoma sentensi za Kimashi mbele ya mikro ya kurekodi sauti. Alisema mashine inafundishwa lugha yetu ili isaidie wagonjwa. Nilisoma: unaumwa wapi, kunywa dawa baada ya kula. Alilipa vizuri. Habari ikaenea, vijana wakajaa uani, na bei ya sentensi ikaanza kushuka kila wiki. Aliyelalamika alionyeshwa foleni ya nje. Sentensi nazo zikabadilika: nani analala humu, fungua mlango, kaka yako yuko wapi. Niliona, Yaya, na nikaendelea kusoma. Nilijiambia kwamba hata daktari anaweza kuuliza hayo.

Sauti zetu zilipokosa thamani, Hugues alisema sasa anataka za wazee, kwa sababu ni chache na Kimashi chao hakijachanganyika. Nikampeleka Mama. Alicheka njia nzima, akiniuliza iko kazi gani ya kulipa mutu juu ya kusema tu, basi marehemu baba yetu angekufa tajiri. Akaketi, akasimulia asubuhi yote: ndoa yake, mashamba, kuzaliwa kwako. Alirudi na nyama mkononi, akitembea kama mwenye duka. Wiki hiyo tulishiba.

Ijumaa iliyopita nilienda peke yangu kuchukua malipo. Mama nilimwacha nyumbani akichambua maharage. Nikiwa kwenye kolido nikasikia sauti yake nyuma ya mlango, ikisema kwa Kimashi kwamba amelazwa, Cirhuza arudi amwone kabla hajazikwa. Nikafungua. Hakukuwa na mtu ila Hugues na kompyuta yake, ikisema kwa sauti ya Mama maneno ambayo Mama hakuwahi kuyasema. Hata hakushtuka. Alisema ni jaribio tu, akaniuliza kama inasikika kama mama mwenyewe.

Yaya, nisamehe. Ile tabia yetu wakalimani ya kusahihisha ilinitangulia kinywani. Nilimwambia kwamba maneno ni sawa, ila Mama hakuiti Cirhuza. Anakuita Papa, kwa sababu umebeba jina la baba yake. Alinishukuru, akaandika. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, siku hizi huyo Papa anaishi mji gani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na waliomtuma wanakutaka wewe, ili uwape majina ya mashahidi. Nilijibu kwamba sijui. Sidhani aliniamini. Na simu ya Mama ilikaa mezani kwao asubuhi yote ile aliyosimulia, kwa hiyo namba yako wanayo.

Basi, Mama akikupigia, usirudi, hata akilia, hata akikuita Papa. Nikikupigia mimi, usipokee. Sauti yangu niliiuza kabla ya yake. Mama sijamwambia kitu. Anakulaumu kwamba umemsahau, nami namdanganya kuwa mtandao wa Kalemie ni mbovu. Naogopa, Yaya. Itafika siku atakuwa mgonjwa kweli, na atakuita kwa kinywa chake mwenyewe. Hata siku hiyo, usije.

Msalimie sana Gloire. Mungu awafiche.

Mdogo wako,
Aurore