Jina la mama kwenye wodi ya wazazi

Buhongwa, Jumanne

Huyu mama atanitia aibu mpaka lini? Leo mtendaji wa kata kaja na habari njema: wodi mpya ya wazazi itaitwa Wodi ya Kabula. Mama alikuwa mkunga hapa miaka thelathini, na hata mtendaji mwenyewe alizaliwa mikononi mwake.

"Shikamoo mama. Hongera!" mtendaji akamwambia.

"Marahaba. Nani kakwambia nimekufa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Naye akaendelea: "Wodi yenyewe haina maji. Watu watasema Kabula ananuka. Leteni maji kwanza, ndiyo mniandike."

Mtendaji akaanza maelezo ya bajeti.

"Wewe ulizaliwa ukitanguliza miguu," mama akamkata. "Nilimwambia mama yako asubiri bajeti?"

Mtendaji akatoka nje huku jasho likimtiririka, anampigia simu fundi bomba. Nikamsindikiza nikimwomba radhi, maana niliogopa watampa mtu mwingine heshima ile. Akaniapia maji yatavutwa wiki hii hii.

Niliporudi, mama alikuwa ameshika tama. Nikadhani anajuta.

"Hizo herufi za jina langu," akaniuliza polepole, "mtu akiwa barabarani ataziona?"