Ngamia wa Kitovu Chako Kwenye Mnada wa Klabu

Bulla Iftin,
Garissa.
14 Juni 1998

Mpendwa ndugu yangu Yahye,

Assalaam aleikum warahmatullah. Barua hii ikukute na afya, na ikukute umekaa, maana ina mengi. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kulia linaloniuma kila nikisimama sana ubaoni. Wazazi wetu wapo: Hooyo mzima, ila macho ya mama yamefifia na siku hizi anawatambua watu kwa vishindo vya nyayo zao. Aabo, baba mkaidi kama unavyomjua, anatembea kwa fimbo na hataki kuambiwa kwamba anatembea kwa fimbo. Wewe je? Unakula vizuri? Kichwa bado kinakuuma jua likiwa kali? Wanasema joto la huko na la Garissa ni ndugu wa tumbo moja.

Najua barua zangu mbili za mwanzo ulizipata, kwa hiyo usinisingizie posta. Hii anakuletea Mohamedamin, yule mfanyabiashara wa ngozi wa karibu na msikiti. Ndiye aliyekukuta Jeddah msimu wa hija ukinunua mikate, ukamsalimia, kisha ukaondoka mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nimemwapisha asirudi nayo. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea tangu shule, kwa kuwa Kisomali chetu ni cha mdomoni, kalamu hatukuifundisha.

Habari ya mvua bila shaka uliisikia. Ilianza Oktoba ikasahau kunyamaza. Mto ukavunja kingo, ukameza mashamba ya ndizi, barabara ya Nairobi ikakatika, ikawa sukari inakuja kwa ndege. Maji yalipopungua ukaja ugonjwa wa mifugo ambao hata wazee hawakuwa na jina lake. Lile kundi la Aabo ulilolijua, waliobaki wanaenea kwenye kivuli cha mti mmoja. Sikuambii haya kwa kukulaumu. Pengine kidogo.

Ni katika dhiki hiyo ndipo tulipoanzisha Klabu ya Hisani. Usicheke. Nakumbuka ulikuwa ukisema kwamba watu wa mji huu wakikutana zaidi ya watatu basi ni ukoo au ni ugomvi. Humu tumechanganyika: walimu, wauguzi, wenye maduka, hata Golicha, fundi wa magari, Mborana wa Buna. Mwenyekiti ni mimi. Walinichagua nikiwa nimetoka kwenda kuswali.

Tunataka kujenga nyumba ya kungojea uzazi, jirani na hospitali. Wajawazito wanaletwa kutoka maboma ya mbali juu ya malori ya mbuzi, siku zao hazijatimia, na wakifika hawana pa kulala ila nje, ukutani. Wengine kwa kuiogopa aibu hiyo hubaki kwao hadi uchungu uanze, na mtoto huja njiani. Tunataka vyumba vitatu tu, jiko na tangi la maji. Si jumba la kifalme, lakini baada ya mafuriko kila mtu ana shimo lake la kuziba, na kumwomba mtu aliyefilisika kunahitaji uso mgumu. Mimi uso huo ninao, wewe unanijua.

Julai yetu imejaa. Tunaanza na mashindano ya mikokoteni ya punda, wauza maji wote, kutoka mtoni hadi sokoni. Imamu aliuliza kama hiyo si kamari. Tukamweleza kwamba hakuna dau, mshindi atapewa pipa jipya na gunia la pumba za punda wake. Sasa anataka yeye ndiye awaanzishe mbio. Wiki ya pili ni mpira, watu wa hospitali na wenye maduka. Alio, katibu wetu mwenye duka la simu, amenunua viatu vya mpira na ninaapa hajaviona vikiwa miguuni, kitambi kinamziba.

Kisha kutakuwa na jioni ya wanawake: hina, halwa, na buraanbur, yale mashairi ya akina mama aliyokuwa akiyatunga Hooyo zamani. Wanaume hawaruhusiwi. Watasikiliza nyuma ya ua kama kawaida yao, nasi tutajifanya hatujui.

Siku moja tutakwenda Hagadera kupeleka chaki na vibao vya kuandikia kwa shule ya kambi ya wakimbizi. Tulipotuma habari, wanawake wa soko la huko wakarudisha jibu kwamba nao wanashona mito ya vitanda vya nyumba yetu. Fikiria, mtu anaishi kwenye kibanda cha vijiti na turubai, anamshonea mto mtu asiyemjua. Niliposomewa ujumbe ule nilitoka nje. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba kutoa si habari ya kuwa nacho. Mtu hutoa ili ajue bado yumo miongoni mwa watu.

Kilele ni Jumamosi tarehe 18 Julai, uwanjani, baada ya swala ya alasiri. Kutakuwa na mchango, halafu mnada wa mifugo. Na hapo, ndugu yangu, ndipo lilipo jambo lililonishikisha kalamu.

Wewe unaijua mila yetu, lakini nakukumbusha, kwa sababu mtu akikaa sana kwenye miji ya lami husahau. Mtoto wa kiume akizaliwa, hufungiwa kitovu chake kwa ngamia jike. Ngamia huyo na kizazi chake ni mali ya mtoto maisha yake yote. Baba atamchunga, atamkamua, lakini hana ruhusa ya kumuuza wala kumgawa bila neno la mwenyewe. Wa kwako alikufa zamani, akaacha binti, na binti akaacha binti. Huyo mjukuu ndiye Dero. Katika kizazi chote amebaki yeye peke yake. Mafuriko hayakumchukua, ugonjwa haukumgusa. Ni mwekundu, ana maringo, na anamtemea mate kila mtu isipokuwa Aabo.

Mwezi uliopita Aabo alikuja kwenye mkutano wetu bila kualikwa, akakaa nyuma. Ulipofika wakati wa ahadi akasimama, akasema anatoa ngamia. Watu walishangilia sana, kwa maana kabla yake tulikuwa na mbuzi, kuku, na ahadi za hewani. Alio akauliza ni ngamia yupi. Aabo akajibu kwamba ni wa kitovu cha Yahye.

Yahye, tangu ulipoondoka hajawahi kulitamka jina lako. Mtu akilitaja, yeye huuliza habari ya mvua. Niliposikia linatoka kinywani mwake nilifurahi mno, hata sikufikiri zaidi. Na wengine wote, tulivyokuwa na uchu wa ngamia, hakuna aliyefikiri. Alio akaandika, tukafunga kwa dua.

Ijumaa ile ahadi zote zikasomwa msikitini. Watu wakasikia: Mzee Abdow, ngamia wa kitovu wa mwanawe Yahye. Sasa niambie wewe, nani katika nchi hii anatoa ngamia wa kitovu wa mtu aliye hai, na mwenyewe hayupo? Ngamia kama huyo hutolewa sadaka kwa ajili ya marehemu tu. Kabla ya alasiri, jirani yetu Sirad aliingia uani na wanawake wenzake, mitandio imeshushwa, wakisema innalillahi.

Hooyo alikuwa amekaa anachambua mchele. Akawauliza nani amekufa.  Halafu Sirad akasema, kwa sauti ndogo, Mungu akupe subira kwa Yahye. Hooyo hakulia. Aliinuka, akawashika mkono mmoja mmoja, akawasindikiza hadi mlangoni, akawaambia kwamba nyumba hii haina maiti. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Nilipokaa karibu naye nikaona anatupa mchele, mawe ndiyo anayoyaacha.

Nilimwendea Aabo nikiwa nawaka. Nilimwambia aende msikitini awaambie watu kwamba mwanawe yu hai. Akaniuliza kama mimi nimeisikia sauti yako. Nikamtajia Mohamedamin. Akasema aliyeonekana Aprili anaweza kufa Mei, na mtu kuonwa na macho ya wengine si salamu kwa wazazi wake. Nikabishana naye, unanijua, nikasema hata nisiyopaswa kumwambia baba. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema maneno ambayo nakuletea kama yalivyo:

"Ngamia ana mwenyewe. Akiwa hai, atasema. Mnada ukiisha bila neno lake, nitakaa mlangoni nipokee rambirambi."

Nilitaka klabu imwondoe Dero kwenye mnada. Kerrow, mzee atakayeuendesha, amekataa. Anasema anayeweza kumwondoa ni aliyemtoa au mwenye mali, na mwenyekiti wa klabu si mmoja wao. Kwa mila ataanza kwa kuuliza umati mara tatu kama ngamia huyu ana mwenyewe. Mara ya tatu pakiwa kimya, bei itaanza. Aabo ameapa hatafungua mdomo.

Basi hivi ndivyo nilivyo. Mchana nazunguka mjini nikihimiza watu washiriki, nacheka nao, napanga viti. Jioni narudi kwenye nyumba ambamo mama anajua mwanawe yu hai na baba anangoja kuambiwa. Nimefikiri sana. Mwanzo nilidhani Aabo anakuzika ukiwa unapumua, kukulipiza lile neno ulilomwambia mbele ya wazee, kwamba mifugo ni umaskini unaotembea. Neno lile lilimkaa, Yahye. Ulikuwa mwaka wa ukame, yeye amekesha akiwanyanyua wanyama walioanguka, nawe kijana wa Form Four ukamwambia hivyo hadharani, ukapanda lori.

Baadaye Hooyo akanikumbusha jambo nililokuwa nalijua lakini sikuliunganisha. Wewe ulizaliwa njiani. Walikuwa wanampeleka Hooyo mjini, gari likakwama kwenye matope, akajifungulia chini ya mti wa mgunga, akavuja damu nusura afe. Aabo alimbeba. Na alipohakikisha mama na mtoto wataishi, ndipo alipokufungia kitovu. Sasa mji unajenga nyumba ili wanawake wasijifungulie njiani, na yeye, katika kila alicho nacho, ameona hakuna kinachofaa kama yule ngamia. Kwa hiyo sasa nadhani yote mawili ni kweli. Amekasirika na anakupenda, na kwa kuwa hajui kuandika barua, ametuma ngamia.

Sikuombi pesa. Watu huku wanadhani kila mwenye ndugu Uarabuni anaandika ili atumiwe, lakini klabu hii itaishi bila wewe. Ukisema Dero asiuzwe, atarudi kundini na atakayenuna nitamnyamazisha mimi mwenyewe. Ukisema auzwe, nyumba ile itajengwa na dua yako ikiwa ndani yake. Mimi sikupangii. Ninachotaka ni useme, kwa sauti yako, Aabo asikie.

Duka la Alio lina simu, na namba anayo Mohamedamin. Liko ng'ambo tu ya uwanja. Piga siku yoyote kabla ya hiyo, au piga siku hiyo hiyo baada ya alasiri, Kerrow amekubali kungoja kidogo kati ya swali la pili na la tatu. Na usinitumie mimi nikusemee. Nimekusemea tangu ulipokuwa unavunja vibuyu vya maziwa, nimechoka. Wahenga walisema mwana akikunyea mkono hukati mkono, lakini hawakusema dada mtu ndiye aoshe milele.

Kama unaogopa atakutukana, huenda akakutukana. Vumilia. Matusi ya baba aliye hai si kitu, na wa kwako amezeeka, Yahye. Hilo nakuambia bila mzaha.

Hooyo anakusalimu, anasema uvae kitu kichwani ukitoka juani. Shangazi Kaltun anakusalimu, anauliza kama huko hakuna wanawake mpaka leo huna mke. Binti yangu Bishara, ambaye ulimwacha akitambaa, yuko darasa la kwanza na amekuchora ukiwa na ndevu. Golicha anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu mwenye ngamia kama yule ni rafiki yake. Nisalimie Wasomali wote mnaoishi nao.

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Leo asubuhi Aabo alinikuta nikiandika. Hakuuliza namwandikia nani. Alisimama mlangoni, akatazama ukuta, akaniuliza sasa hivi Jeddah ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa ile ile ya kwetu, wao wako kaskazini yetu moja kwa moja, jua letu ni moja. 

"Kumbe tunaswali pamoja," akasema.

Akaenda kutawadha, na adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akufungue kinywa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Weris Abdow