Mistari Uliyonichorea Uwanjani

Baba Paskalina,

Nakuandikia mchana huu dawa ikiwa imeshika. Ikiisha nguvu mwandiko wangu unasinyaa, na wewe ulikuwa unanicheka kwamba naanza na herufi za watu namalizia na za sisimizi. Basi cheka. Mimi naogopa.

Tangu ugonjwa wa kifua ukuchukue naogopa, mimi nisiyeogopa hata nyati wanaoshuka kutoka msituni. Naogopa uwanja wetu wenyewe.

Unakumbuka yule mtaalamu wa mazoezi kule Karatu alivyotuambia: ugonjwa wangu huu wa Parkinson, wa mwili kutetemeka na kuganda, hauponi, lakini anayetembea na kufanya kazi zake kila siku, mwili unamtii kwa muda mrefu zaidi. Wewe ulilishika hilo kuliko mimi. Uliniona naganda mlangoni pa jiko, miguu imegoma kabisa, halafu shambani navuka matuta ya maharage bila shida. Kesho yake ulichukua jembe ukachora mistari iliyokatiza njia, mmoja baada ya mwingine, kutoka jikoni mpaka kwenye banda la ng'ombe. Majirani wakakuuliza kama shamba limejaa hata unataka kupanda mahindi uwanjani. Ulisimama ng'ambo ukaniambia, "Vuka, Mama Paskalina. Usiangalie mguu, angalia mstari." Nikavuka, nikaenda kukamua. Kila mvua ilipofuta, ulichora tena.

Wakati wa msiba wako wanawake walifagia. Uwanja wa msiba lazima uwe safi, siwalaumu. Walifagia mistari yote. Siku ya kukuzika jeneza lilitangulia, mimi nikaganda hapo hapo, na vijana wawili wakaninyanyua kwapani mpaka kaburini, huko chini, mwisho wa shamba. Watu walidhani ni majonzi tu. Sijafika kwako tena.

Binti yetu amebaki na mimi. Ananipenda mpaka ananitisha. Jembe lako amelificha, kukamua anakamua yeye, hata kikombe cha chai ananishikia. "Kaa, mama, umefanya kazi ya kutosha." Nami nikikaa, jioni mgongo umekuwa ukuni.

Juzi alikwenda sokoni, nikasema leo natoka. Niliganda katikati ya uwanja. Ng'ombe analia bandani, jua linapanda, sauti yangu haifiki hata barabarani, na mimi nimesimama tu. Niliwaza, kumbe hivi ndivyo itakavyokuwa, nitakuwa hai na mwili umeshanikataa. Niliogopa kuliko siku uliyokata roho. Nikakuita. Nikakuita kwa jina lako lenyewe, ambalo sikuwahi kulitamka mbele yako.

Paskalina alinikuta hapo hapo. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza habari ya mistari, maana alikuwa kwake na hakuwahi kuiona, nikamwambia, "Ukiniketisha, mwanangu, sitainuka tena. Nipe jembe la baba yako." Akaenda kulitoa alikolificha.

Nimechora mwenyewe. Imepinda, si unajua mkono huu. Kesho yake asubuhi nilisikia ufagio, moyo ukanilipuka. Nikachungulia. Alikuwa ameinama anafagia kati ya mstari na mstari, taratibu, bila kugusa hata mmoja.

Leo nimefika bandani. Nimekamua kidogo, maziwa mengine yamemwagika, ng'ombe wako amenivumilia. Bado naogopa. Masika yanakuja yatafuta kila kitu, na iko siku mkono huu hautashika jembe. Siku hiyo sijui atachora nani.

Lakini leo unashika. Nakuahidi nitachora kuanzia bandani, niteremke na shamba polepole mpaka hapo ulipolala, na safari hii sibebwi na mtu. Ukinisikia nakuja usianze kunitengea nafasi. Nakuja kukusalimia tu, kisha nirudi nikakamue.

Lala salama, mume wangu.

Mama Paskalina