Sanduku la Mama Linakungoja, Wakili

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku la mama, kwenye fleti yetu ya Tottenham. Nimelikalia kwa sababu viti vimeshachukuliwa, na pia kwa sababu nina hasira. Mtu wa unene wangu akikasirika, heri akae.

Unakumbuka ulivyojifunzia uwakili humu ndani, miaka ile ya tisini? Ulijitupia kitenge cha mama mabegani, ukasema ni joho. Mama alikuwa jaji, huku anamenya viazi. Mimi nilikuwa mshtakiwa kila siku: niliiba ng'ombe, nilichoma maghala, nilitorosha wake za watu. Ulinitetea mpaka nikaanza kujionea huruma. Hukumu ya mama ilikuwa moja tu: "Hana hatia. Ila wote wawili mkaoshe vyombo." Wewe ulikata rufaa. Mimi nikaosha.

Kisha ukaenda Marekani, ukashinda kesi kubwa kubwa, ukatajirika, ukanunua timu ya besiboli. Ukamtumia mama kofia ya timu, naye akaivaa mpaka kanisani. "Mpira gani huu, mtu anapiga halafu anakimbia kama mwizi?" aliuliza, lakini kofia hakuivua.

Mazishini ulikaa nusu siku, ukarudi kwenye timu yako. Sasa arobaini imepita, na unajua kwetu sanduku la marehemu halifunguliwi na mwingine ila mtoto wa kwanza. Mashangazi wamekuja mara mbili kugawana vitenge, wakanywa chai, wakaondoka mikono mitupu. Nilipokupigia ukasema, "Mdogo wangu, msimu ndio umeanza. Fungua tu wewe, nakupa ruhusa."

Ruhusa, kaka. Kama vile mimi ni karani wako.

Nasafisha vyoo vya uwanja wa ndege, unajua. Ndege za kutoka kwako zinatua kila asubuhi, nami napiga deki huku nikikagua nyuso za wanaotoka. Mjinga ni mimi.

Kaunsili, serikali ya mtaa iliyompangisha mama, wanataka funguo za fleti Ijumaa. Mama angekuachia huru. Mimi si mama. Sanduku silifungui. Nitapanda nalo basi mpaka kwangu, watu wacheke, nami nitaliweka sebuleni na kofia yako juu yake.

Ukija, njoo bila hotuba. Vikombe vya mashangazi nitavihamisha hivyo hivyo, vichafu. Ni zamu yako.

Mdogo wako,
mshtakiwa wa siku zote