Jiwe la Mwezi Nililookota Doornfontein

Mama Victorine, shikamoo, kila wiki nasoma unavyowashauri watu gazetini, leo mwanao nimekwama, na ikifika Jumamosi sijapata la kufanya nitaumbuka mbele ya wakwe, naomba unisaidie.

Mimi ni Naseeb, kwetu Tanga, nimepanga chumba Berea na nasoma chuo hapa Doornfontein, kazi yangu ni kuchora ramani ya miamba ya mashimo ya mwezini, yale makubwa yaliyochimbwa na vimondo, nami huko sijafika wala sitafika, natumia picha za chombo kinachozunguka mwezi, maana kila aina ya jiwe hurudisha mwanga wa jua kwa namna yake, mwingine hata macho hayauoni, basi kwa mwanga huo nasema hapa pana jiwe jeupe la zamani, pale pana jeusi lenye chuma, na kilima cha katikati ya shimo kilisukumwa juu kutoka chini kabisa.

Sasa nilipokwenda kujitambulisha kwa baba yake Samira, Mzee Abdulrahman wa Troyeville, ambaye kabla ya kufungua duka la vitambaa alinunua vito bonde la Umba miaka ishirini, akaniuliza, "Jiwe hujalishika, hujalilamba, utalijuaje?" na wajomba wawili wakacheka, Samira akainama, mimi nikaona mchumba ananiponyoka, nikajibu kwamba chuo kimenipa kipande cha mwezi nikae nacho, na wiki iliyofuata nikampelekea jiwe jeusi nililookota penye robot, yaani taa za kuongozea magari, wanapotengeneza barabara, nimeliosha na kulifunga kwa velveti.

Mzee akalilamba, akalielekeza kwenye jua la dirishani, akanitazama mimi, akasema, "Haya, mwanangu, tumelipokea," akaliweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na tangu hapo kila Jumapili wakija watu ananiita, "Naseeb, hebu waeleze limetoka shimo gani," nami nimeshataja mashimo matatu mbalimbali, na yeye hunikumbusha, "Juzi ulisema lile la kusini," halafu sasa ametangaza kuwa Jumamosi anamwita sonara alikate, litiwe kwenye pete ya ndoa ya Samira. Nampenda Samira, Mama. Nikisema ukweli nitamkosa, nikinyamaza atavaa kokoto ya barabarani maisha yake yote. Nifanyeje?

Naseeb, Berea

*

Naseeb, marahaba, ingawa sisi wa Bukavu hatuna desturi hiyo. Eish! Nimecheka hadi machozi, sasa kaa nikugombeze.

Umesoma mpaka mwezini, lakini mtu aliyekaa mbele yako na kikombe cha chai umeshindwa kumsoma. Aliyelamba mawe miaka ishirini ashindwe kutambua kokoto ya barabara? Nadhani alijua siku ileile. Jumapili zote hizo anakupa nafasi useme, na wewe kila mara unamtajia shimo jingine. Hiyo habari ya pete ni nafasi ya mwisho. Angekuwa hakutaki, angekurudishia velveti yako mlangoni. Na hata kama nimekosea, ushauri wangu ni uleule.

Kokoto hainiudhi. Kinachoniudhi ni kwamba una kazi ya kweli, ya kushangaza, ukaionea haya kwa sababu wajomba wawili wamecheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika kwa sonara.

Sikiliza. Leo mwambie Samira kwanza, kwa sababu kidole ni chake. Kesho nenda Troyeville peke yako, usimtume mshenga, usibebe zawadi. Usithubutu kusema ulikuwa unatania. Sema, "Baba, nilidanganya, niliogopa kunyimwa Samira." Kisha nyamaza, hata chai ikipoa. Akikugombeza, pokea. Akicheka, wewe usitangulie kucheka. Akitulia, fungua kompyuta umwonyeshe ramani yako, umweleze unavyolijua jiwe kwa mwanga, na ukifika pale usipokuwa na hakika sema "hapa sijui," maana mtu wa vito humwamini anayekiri asichokijua.

Halafu kabla hujaaga, mwombe yeye amchagulie bintiye jiwe la pete.