Adapta Iko kwa Bibi

Mdogo wangu,

Nimekwenda kazini, narudi kesho asubuhi. Ile bodi ya kengele ya kitanda cha Bibi usiiguse kabisa.

Huo mstari wa juu nimeukata. Iguse, uiingize programu leo, maana usiku Bibi akishuka kitandani na kengele isilie, ataanguka tena pale kwenye korido.

Kuingiza programu tumia kompyuta yako, yangu umeshaiua. Waya wa USB peke yake unaiwasha bodi. Adapta ya ukutani inachomolewa kwanza, bodi yetu ya bei poa haina kinga. Asubuhi ulichomeka vyote viwili, eti ishibe nguvu. Umeme ukarudi kwenye kompyuta, skrini ikazima. Jana nilikuonya, ukanicheka.

Ukimaliza, adapta ya kuiwasha kengele usiku usiitafute. Bibi ameitia kwenye mfuko wa sweta yake, na hatoi mpaka aone USB imechomolewa. Muombe kwa adabu.

Nilipokuwa nafunga mlango aliniuliza kama tunagombana kwa sababu yake. Nimemwambia ni mambo ya waya tu. Akikuuliza na wewe, jibu hivyo hivyo.

Dada yako