Maswali Tisa Niliyoyaacha Wazi

Jumatatu, 4 Mei
Duka la dawa nimefungua saa mbili. Panadol, panadol, dawa ya minyoo. Katikati ya wateja nimefanya maswali arobaini ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Nisiyoyajua nimebahatisha. Ndivyo tulivyofundishwa tangu sekondari, usiache swali wazi. Marehemu Shangazi Felista, aliyenilea, alikuwa hivyo hivyo: mgeni haondoki kwake mikono mitupu.

Alhamisi, 7 Mei
Ujumbe kutoka chuoni. Wamebadilisha usahihishaji. Jibu sahihi, alama moja. Swali lililoachwa wazi, sifuri. Jibu la kosa linakata nusu alama. Wenzangu kwenye kundi la simu wanatukana. Mimi nimeogopa, kana kwamba aliyetunga sheria hii ananijua.

Jumapili, 10 Mei
Sikwenda kanisani. Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Mwaka jana wakati wa mavuno Shangazi alikuwa kijijini Mofu, juu ya dungu, jukwaa la miti la shambani, akiwinga ndege kwenye mpunga. Akanirekodia sauti: "Mwanangu, homa tu, ila na shingo inanivuta. Nitumie dawa." Sikumwona. Sikumpima. Hapa bondeni homa ni malaria, nani asiyejua? Nikampa bodaboda dawa ya mseto apeleke. Siku ya tatu wakamshusha kwenye dungu hajitambui. Daktari alisema homa ya uti wa mgongo. Alisema pia mmechelewa.

Hakuna aliyenilaumu. Msibani walinishukuru kwa ile dawa. Hilo ndilo linalonitafuna.

Sauti yake bado ninayo kwenye simu. Shingo aliitaja. Niliisikia.

Jumatano, 20 Mei
Kila nikitaka kubahatisha jibu, shingo inanivuta. Yangu mimi. Nimejipima malaria, hakuna. Mama mdogo anasema nasoma mno, nile.

Jumamosi, 30 Mei
Mtihani. Swali la sitini na moja: mwanamke, homa kali, shingo imekakamaa, unashuku nini? Nikasikia "Mwanangu" nyuma yangu, wazi kabisa. Nikageuka. Msimamizi akasema, "Dada, karatasi yako iko mbele."

Nimelijibu. Hilo nalijua, nimelijua kwa kuchelewa. Mengine tisa nimeyaacha wazi. Mawili matatu ningeweza kuyapatia kwa bahati. Mkono ulikataa.

Ijumaa, 12 Juni
Matokeo. Wamebadilisha tena! Watu walilalamika, nusu alama imefutwa, hakuna aliyekatwa kitu. Waliobahatisha wamevuna. Mimi nimekosa nafasi kwa alama mbili.

Nimelia stoo, nimekalia boksi la dawa za kikohozi. Nimewachukia wote. Halafu nikamchukia Shangazi, kwa kuniamini. Halafu nikaomba msamaha kwa sauti, peke yangu, na mteja anagonga kaunta.

Jumatatu, 15 Juni
Asubuhi amekuja mama mmoja wa Katindiuka. Mume wake yuko shambani, ana homa tangu juzi.

"Nipe mseto, dada. Ni malaria tu."

Nikamwuliza kama shingo inamuuma. Hakujua. Pesa alikuwa ameshaiweka kaunta.

"Samahani, mama. Mimi sijui anaumwa nini. Apelekwe hospitali leo."

Akanuna. Akasema duka gani hili lisilouza. Nikamrudishia pesa yake, nikampigia bodaboda yule yule wa mwaka jana. Safari hii hakubeba dawa, amembeba mama wakamchukue mgonjwa.

Saa tisa wamepita hapa mbele wakielekea hospitali, mgonjwa katikati, mkewe amemshika kwa nyuma. Nilisimama mlangoni. Bodaboda akapiga honi. Yule baba akageuza shingo, akanitazama.